Kununua maji ya madini yenye gesi mtandaoni kwa punguzo, ukiwa Tanga

Kurasa nyingi za Instagram zinazouza vyakula vya nje kutoka Dar zina mstari huu mahali fulani: "Dar unalipia mzigo ukikufikia, mikoani unalipia kwanza." Mstari huo ndio unaomtenganisha mnunuzi wa Sinza, Dar, na mnunuzi wa Chumbageni, Tanga. Wa Sinza analetewa katoni mlangoni, anaifungua, anahesabu chupa, halafu ndiyo anatoa hela. Wewe unatoa hela leo, mzigo unaupokea kesho stendi ya Kange, na ukikuta kuna chupa iliyopasuka, aliyekuuzia ameshakula chake.

Kwa hiyo "punguzo asilimia 20" lililoandikwa kwa rangi nyekundu bado si lako. Lako ni lile litakalobaki baada ya nauli ya mzigo, makato ya kutuma pesa, bajaji ya kutoka Kange na chupa zitakazoharibika njiani. Mara nyingi hubaki kidogo sana. Kuna namna ya kulifanya libaki kubwa, na ndiyo nitakayoieleza hapa, nikimlenga anayenunua kwa ajili ya nyumbani, shughuli au kanyumba ka wageni ka vyumba vichache. Mwenye hoteli kubwa ana wakala wake.

Amua kwanza ni maji gani

Kwenye picha za simu chupa zote zinafanana, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Maji ya madini yenye gesi hutoka ardhini yakiwa na madini yake. Gesi huwa ni ya hukohuko ardhini au huongezwa wakati wa kujaza chupa. Yanayojulikana zaidi madukani ni Perrier ya Vergèze, kusini mwa Ufaransa, na San Pellegrino ya mkoa wa Bergamo, kaskazini mwa Italia. Gerolsteiner ya Ujerumani, kutoka milima ya Eifel, nayo huonekana mara mojamoja. Soda wota ni kitu kingine: ni maji ya kawaida yaliyosafishwa na kutiwa gesi, na wengine huongeza chumvichumvi kidogo. Toniki ni kinywaji chenye kwinini na kwa kawaida sukari, ingawa ndani ya chupa inaonekana nyeupe kama maji. Mgonjwa wa kisukari akiletewa toniki kwa jina la "maji ya gesi" hilo ni kosa la kumpeleka hospitali ya Bombo.

Kama unachotaka ni povu tu la kuchanganyia juisi ya machungwa ya Muheza au ukwaju wa futari, nunua soda wota duka la mtaani na uachane na habari ya mtandaoni. Haina maana kulipia madini ya Ulaya halafu uyazamishe kwenye ukwaju. Maji haya ya bei hununuliwa na mtu anayeyanywa peke yake, au mwenye wageni wanaoyaitisha kwa jina.

Soma pia kiasi cha madini. Neno "madini" peke yake si sifa: hata maji moto ya Amboni yana madini, na yananuka kama yai viza. Watu huenda kuyaoga, si kuyanywa. Cha kuangalia zaidi ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Borjomi ya Georgia na Vichy Catalan ya Hispania zina zaidi ya miligramu 1,000 za sodiamu kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku kutoka vyakula na vinywaji vyote. Mwenye presha asidanganyike na ofa ya maji hayo. Perrier na San Pellegrino ziko chini ya miligramu 50 kwa lita.

Jambo moja la lebo kabla hatujaendelea. Chupa za Italia huandikwa naturale hata zikiwa na gesi, kwa sababu neno hilo limo kwenye jina rasmi la maji ya madini. Lakini likisimama peke yake huwa ni maji yasiyo na gesi. Tafuta frizzante au gassata. Ya Ujerumani ikiandikwa Naturell haina gesi kabisa. Ya Kifaransa yenye gesi ni gazeuse. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui tofauti, maana ameletewa katoni na yeye anaiuza.

Pa kutafuta

Jumia walifunga shughuli zao Tanzania mwishoni mwa Novemba 2019, na tangu hapo kwa bidhaa kama hii umebaki kuokoteza: kurasa za Instagram, katalogi za WhatsApp za supamaketi na maduka ya jumla ya Dar, na mawakala wanaolisha mahoteli ambao siku hizi wanauza hata katoni mojamoja.

Ila anza nyumbani. Hifadhi namba za supamaketi za Tanga mjini na uwe unaangalia stetasi zao. Maji haya mji wetu hayatembei haraka. Mwenye duka akiona katoni mbili zimemkalia rafuni miezi, anashusha bei kimyakimya na kuweka picha stetasi siku moja tu. Bei hiyo haina nauli ya basi ndani yake, na chupa unaishika kwa mkono kabla ya kulipa. Ofa ya Dar inabidi iishinde hiyo kwanza.

Kuna watu watakwambia agiza Kenya, Horohoro si mbali. Kweli Kenya wana maji yao yenye gesi, Keringet kwa mfano, na bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na uthibitisho wa asili yake. Kodi nyingine zipo palepale, na safari ya mpakani kwa ajili ya katoni moja ni hasara. Kama unamjua mfanyabiashara anayevuka kila wiki kwa taratibu zote, mwulize. Tovuti za Ulaya na Marekani zisahau kabisa: lita moja ni kilo moja, bado kioo hujakipima.

Majira nayo yana neno. Januari, sherehe zikiisha, wauzaji wengi wana mzigo uliobaki. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua mahoteli ya pwani na Zanzibar, na wakala mwenye stoo iliyojaa anaanza kusikiliza bei yako. Ofa za Novemba ziangalie kwa jicho la pili, maana wapo wanaopandisha kwanza ndipo wakate. Dawa yake ni kupiga picha ya skrini ya bei wiki mbili tatu kabla.

Tarehe, kioo na plastiki

Punguzo kubwa karibu kila mara lina sababu moja: tarehe imekaribia. Hapa ndipo mnunuzi anayejua anapofaidi, kwa sababu si kila tarehe iliyokaribia ni mbaya.

Maji ya madini yaliyofungwa vizuri hayaozi. Kinachoondoka ni gesi, na kasi yake inategemea chupa. Kioo hakipitishi gesi. Njia pekee ni kifuniko. Plastiki hupitisha gesi polepole kwenye kuta zake, na chupa ndogo hupoteza haraka kuliko kubwa kwa sababu maji ni kidogo na ukuta ni mwingi. Joto linaharakisha. Katoni ya plastiki ndogondogo iliyokaa miezi kwenye stoo ya bati Kariakoo, halafu imebakiza wiki tatu, ni maji ya kawaida yenye lebo nzuri.

Msimamo wangu ni huu: kioo kilichobakiza miezi miwili mitatu, chukua, hiyo ndiyo ofa yenyewe. Plastiki iliyobakiza chini ya miezi mitatu, iache hata wakikupa nusu bei. Iliyopita tarehe usiguse, iwe kioo au plastiki. Haitakiwi kuuzwa, na anayekwambia "maji hayaekspaya bosi wangu" ujue anakujaribu. Usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu Julai 2019, kwa hiyo malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwao.

Piga hesabu ya lita iliyofika

Usilinganishe bei ya chupa wala ya katoni. Linganisha bei ya lita moja ikiwa mezani kwako Tanga. Chukua mfano, bei zikiwa za kukisia tu.

Duka la Tanga linauza chupa ya mililita 750 kwa shilingi 8,000. Hiyo ni takriban 10,670 kwa lita. Dar kuna katoni ya chupa 12 za ukubwa huohuo, yaani lita 9, bei 90,000, punguzo asilimia 20, unalipa 72,000. Unaona 8,000 kwa lita, unafurahi. Sasa ongeza boda wa kuipeleka stendi ya Magufuli 6,000, nauli ya mzigo 8,000, bajaji ya Kange mpaka nyumbani 4,000, makato ya kutuma 2,000. Jumla 92,000, na lita imefika 10,220. Umeokoa shilingi 450 kwa lita. Ikivunjika chupa moja tu, zinabaki lita 8.25 na kila moja imekugharimu 11,150. Duka la mtaani limekushinda.

Chukua katoni tatu badala ya moja. Maji 216,000. Boda ni yuleyule 6,000, nauli 20,000, bajaji 5,000, makato 3,000: jumla 250,000 kwa lita 27. Lita inakuja 9,260, na hata chupa moja ikivunjika unabaki kwenye 9,520. Hapo punguzo limekuwa punguzo.

Ndiyo maana nasema ukiwa mkoani, maji haya hununuliwa kwa kuchanga. Tafuta nyumba mbili tatu zinazoyanywa, mmoja awe mshika fedha, na kabla hamjatuma senti kubalianeni kwamba chupa itakayovunjika ni ya wote. Msipoliongea hilo mapema, chupa moja ya maji inaweza kuwafanya majirani wasisalimiane.

Kuongea na muuzaji

Wengi hawaweki bei, utaambiwa "bei njoo inboksi." Nenda, lakini nenda na maswali yote kwa mkupuo, ili majibu yawe kwenye maandishi. Kwa mfano:

"Habari za kazi dada. Naulizia maji ya gesi ya chupa za kioo, mililita 750. Katoni ina chupa ngapi, na nikichukua katoni tatu bei ya mwisho inakuwaje? Naomba picha ya tarehe iliyopo kwenye chupa, siyo kwenye boksi. Nipo Tanga: mnapakia basi gani, na chupa ikivunjika njiani inakuwa juu ya nani? Risiti ya EFD naipata?"

Swali la kuvunjika ndilo linalomtambulisha muuzaji. Aliyezoea kutuma mikoani atakujibu bila kusita: labda atakurudishia nusu, labda atasema ni juu yako lakini ataelezea anavyofunga. Anayejibu "usijali mpenzi, haivunjiki" hajawahi kutuma kioo.

Akishatuma picha, omba video ya simu. Achukue chupa moja, aigeuze mbele yako, aonyeshe kifuniko, tarehe na namba ya toleo. Picha nzuri hukopwa popote mtandaoni, lakini chupa iliyoshikwa mkononi na mtu anayekujibu papo hapo si rahisi kuikopa. Angalia pia kama maoni kwenye ukurasa wake yamefungwa. Duka lenye wafuasi elfu hamsini lisilotaka mtu aandike chochote chini ya picha lina sababu zake.

Namba tatu za mwanzo za msimbo wa mistari zinasaidia kidogo: Italia huanzia 800 mpaka 839, Ufaransa 300 mpaka 379, Ujerumani 400 mpaka 440, Kenya 616, Tanzania 620. Zinaonyesha nchi ambako namba hiyo ilisajiliwa, haziapi kwamba maji yalijazwa huko. Lakini chupa inayojiita ya Bergamo ikiwa na 620 ina maelezo ya kutoa.

Kulipa

Lipa kwa lipa namba ya biashara, iwe ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Kabla ya kuweka namba ya siri jina litatokea, lisome. Duka linaitwa hivi na jina limekuja la mtu mwingine kabisa? Simamisha, uliza. Ukipewa namba binafsi utaambiwa na "weka na ya kutolea", hiyo nayo iingize kwenye hesabu ya lita.

Mkishakubaliana, usihamishwe njiani. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tunaufahamu, na unafanya kazi vizuri zaidi siku ambayo kweli ulikuwa unataka kutuma hela. Kuna na ndugu yake: mzigo umekwama stendi, tuma elfu kumi wautoe. Pigia namba uliyoongea nayo mwanzo, na ujumbe wa kitapeli uutume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idai hata kama hujazoea. Ina tarehe, kiasi na jina la mlipakodi, na unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TRA. Siku ya ugomvi hiyo ndiyo itakayoongea.

Njiani

Dar mpaka Tanga ni karibu kilomita 350, saa tano hadi sita kwenye buti la basi, chini ya mabegi na magunia. Katoni ya kiwandani imetengenezwa ipangwe stoo, haikutengenezwa kwa buti. Omba muuzaji afanye mambo matatu: aweke kadibodi kati ya chupa na chupa mpaka zisigongane, azungushie selotepu pande zote na chini mara mbili, na aandike kwa kalamu nene KIOO, na mshale wa kuonyesha juu. Chupa zisafiri zikiwa zimesimama. Ukisikia katoni inalia ukiitikisa, haijafungwa.

Pendelea basi la alfajiri. Mzigo unafika mchana, unaupokea siku hiyohiyo, haulali kwenye stoo ya vifurushi. Muuzaji akutumie picha ya risiti ya mzigo na namba za usajili za basi, na risiti hiyo iandikwe kwamba ni chupa. Mzigo ulioandikwa "boksi" ukivunjika, karani atakuuliza nani alimwambia kulikuwa na kioo.

Kange na nyumbani

Usisaini kabla ya kuangalia. Inua katoni uone kitako kama kimelowa, itikise kidogo usikilize. Kimelowa? Fungua palepale mbele ya karani, piga picha, mtumie muuzaji ukiwa bado umesimama hapo. Picha iliyopigwa sebuleni kesho yake haina nguvu.

Chupa ya plastiki ibonyeze: yenye gesi ni ngumu, haikubali kidole. Ikibonyea, gesi imekwenda. Ya kioo itazame kifuniko kama kina kutu au mikwaruzo ya kufunguliwa, na usawa wa maji ulingane na wenzake. Moja ikiwa chini kuliko nyingine, inavuja.

Usifungue siku hiyo. Maji yaliyotikiswa safari nzima na kupata joto yatakumwagikia mpaka ukutani. Maji ya baridi hushika gesi vizuri zaidi. Yakiwa karibu na nyuzi 0 hubeba zaidi ya maradufu ya yanavyobeba kwenye nyuzi 30, na Tanga nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Acha zipumzike usiku mzima kwenye friji, si kwenye friza. Yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na kioo hakitanuki.

Zilizobaki zikae sakafuni, chumba chenye kivuli, mbali na dirisha na jiko. Zile zenye tarehe ya karibu ziwe mbele. Ukifungua ya 750 na usipoimaliza, ifunge, irudishe friji, na uinywe ndani ya siku mbili. Ikiishiwa gesi bado ni maji salama ya kunywa, ila usiyatie kwenye pasi ya mvuke wala betri ya gari. Madini yake huganda ndani.